Uzi Uliolambwa

Kabla hujauona uso wake, ungeona midomo. Ilikuwa imejikunja mbele kidogo, kama ya mtu aliyetaka kupiga mbinja halafu akausahau wimbo. Ni midomo ya mtu aliyelowesha uzi kwa ulimi maisha yake yote. Katika makao yale ya wazee kila mtu alimwita Fundi, hata wauguzi, ingawa cherehani yake iliuzwa zamani na kilichobaki ni kopo la biskuti lenye sindano na vifungo.

Kazi hazikumwishia. Wazee hupungua miili, nguo hazipungui nao, kwa hiyo hakukosekana kiuno cha kubana wala lastiki ya kubadilisha. Alikuwa akikaa dirishani ukumbini, akalamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja, na uzi ukapita tunduni kama mwenye nyumba anayeingia kwake. Kando yake alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyehamia hapo baadaye akidai amekuja kumchunga asije akaolewa.

Kisha ugonjwa wa kuhara ukaingia. Ulianza kwa jirani yao, Mzee Redio, aliyekuwa amepewa dawa kali za kifua. Dawa zile ziliua vijidudu vya kifuani, zikaua na vile vyema vinavyolinda tumbo, na tumbo likabaki kama nyumba isiyo na mlinzi. Bakteria mmoja mkaidi akaingia, akajifanya mwenyeji. Mzee Redio akayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa majini. Siku alipozikwa, ukumbi mzima ulisikia jinsi redio yake ilivyonyamaza.

Haikupita wiki, Fundi naye akashikwa. Muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliketi kitandani pake.

"Bibi, ulishika kitu chochote cha yule mzee?"

"Nilimtilia kifungo tu, mwanangu. Suruali yake ya kulalia. Aliona haya ipelekwe kufuliwa ikiwa wazi mbele."

"Kabla ya kufuliwa?"

"Nilijipaka ile dawa ya mikono ya kwenye chupa. Mara mbili."

"Ile haimwezi mdudu huyu. Huyu hutolewa kwa maji na sabuni, usugue mpaka aende na maji." Muuguzi akamtazama midomo. "Na uzi ulilamba?"

Fundi akageukia ukutani. Naye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza vidonge vikali vya kikohozi. Tumbo lake nalo lilikuwa limeachwa bila mlinzi, mlango wazi.

Habari ilimfikia wifi kabla ya chakula cha mchana. Alikuja akasimama nyuma ya mlango, kwenye kidirisha cha kioo, maana kuingia alikatazwa.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alipaza sauti. "Wewe hukungoja kikule, umekilamba!"

"Nenda zako, mchawi wewe."

"Nikienda nani atakucheka? Kunywa hayo maji ya chumvichumvi. Ukifa mimi sitilii mtu vifungo."

Alicheka, lakini kioo kilipata ukungu mahali alipoegemeza paji la uso, naye hakuondoka upesi.

Lililomkaba Fundi halikuwa kifo. Mwanawe wa pekee, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo akiwa kijana wa kiuno chembamba, alikuwa anakuja Jumamosi, na Jumapili angepanda ndege kurudi. Daktari alishasema: mpaka tumbo litulie kabisa, Fundi hatoki na mgeni haingii. Shati alilokuwa akimshonea kwa sindano lilikuwa kwa wifi, bado mkono mmoja kuunganishwa.

Siku zikawa ndefu na nyeupe. Alipelekwa chooni, akarudishwa, akapelekwa tena, mpaka hakujua kama anakwenda au anarudi. Shuka lilitanda mbele yake kama jora la kitambaa lisilo na mwisho. Alilikata kwa mkasi usio na sauti, akatafuta vipimo vya mwanawe, navyo vikamponyoka: bega la mtoto, shingo ya kijana, kifua cha mtu asiyemjua. Mzee Redio akapita amevaa suruali yake, kifungo kinang'aa kama mwezi mdogo, akasema, "Ahsante, Fundi, imekaa vizuri." Mvua ikagonga bati na ikawa cherehani. Akaikanyaga. Pedali ilikuwa laini kama usingizi, na mshono ukaenda, ukaenda, ukatoka dirishani, ukafuata barabara hadi kwa mwanawe, ukamshika ukosi.

Alipozinduka, ulimi ulikuwa mkavu. Akaitafuta glasi ya maji ya chumvichumvi, akayanywa yote bila kuambiwa.

Ijumaa tumbo lilitulia. Hakumwambia mtu, akiogopa kuliamsha, ila muuguzi aliona mwenyewe kuwa haombi tena kupelekwa chooni.

Jumamosi asubuhi wifi alibandika shati kwenye kioo. Mkono ulikuwa umeunganishwa, mshono ukipanda na kushuka kama njia ya konokono.

"Nani kaharibu shati la mwanangu?"

"Shangazi yake! Na sikulamba uzi. Nimeuchovya kwenye bakuli la maji kama mtu mwenye akili zake."

Fundi akacheka mpaka akashika tumbo, na kwa mara ya kwanza tumbo halikumjibu.

Huko nje geti likalia. Wifi akageuka, akarudi kiooni, macho yamemtoka. "Gari! Limeingia gari!"

"Muuguzi yuko wapi?"

"Anaongea na daktari kwenye simu. Anatikisa kichwa… sijui anakubali au anakataa, kanipa mgongo."

Fundi akashuka kitandani akishika ukuta. Akafungua bomba, akasugua mikono kwa sabuni, viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka povu likaisha lenyewe. Akajipangusa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, midomo imejikunja mbele, macho kwenye kitasa. Viatu vya muuguzi vilikuwa vinakuja, na nyuma yake vingine, vizito, asivyovitambua.