Ndoo ya Mikumi

Nikisikia harufu ya breki za lori zilizoungua, namwona Babu akimpima mtu kwa macho. Nilikuwa darasa la tano, tukiishi Mabwerebwere, Kilosa, na kiangazi kile daktari alisema mishipa ya moyo wake imeziba. Apelekwe India, apasuliwe kifua, mshipa utolewe mguuni upachikwe moyoni, damu ipate njia nyingine. Babu, mtoto wa kambi ya mkonge, hakuwahi kumwamini mtu mwenye kalamu mfukoni. Miaka sabini na minne, nani ampasue kama si anayetaka kujifunzia? "Nionyesheni mzee mwenzangu aliyerudi," akasema. Nami nilimwamini yeye kuliko madaktari wote.

Mama akaulizia, akampata dereva mstaafu wa Mikumi aliyerudi mwezi uliotangulia. Tulimkuta kibarazani kwake, jirani na maegesho ya malori. Akampa Babu shikamoo, na Babu akaitikia marahaba shingo upande, maana anayekuamkia si mzee mwenzako. Yule baba akafungua vifungo akatuonyesha kovu la kifuani, akapandisha suruali akatuonyesha la mguuni. Babu hakutosheka. Kwetu aliyepona huonekana kwa kazi. Akanituma nijaze ndoo bombani, nikaijaza mpaka ikafurika, kwa sababu nilitaka yule mtu aumbuke.

"Hebu inyanyue," Babu akamwambia.

"Wamenikataza, mzee wangu."

"Aliyepona anakatazwa ndoo?"

Babu akanikonyeza, nikacheka. Njia nzima alisema wamemtoa nguvu wakamwachia kovu. Hakwenda India. Masika yaliyofuata hayakuisha, akaanguka shambani na jembe lake, asiinuke tena.

Mwaka huu ni zamu ya Mama, ana miaka sitini na minane, na siku hizi hakuna haja ya India, ni Dar es Salaam tu. Nilimhoji daktari kama polisi. Akasema umri peke yake haumzuii, ila hatari huongezeka, hivyo watampima kwanza figo na mapafu. Bado sikumwamini. Kisha akataja masharti: akishapasuliwa, kwa wiki kadhaa asinyanyue hata ndoo ya maji, mfupa wa kifua unakuwa haujaunga.

Mama akanigeukia taratibu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu ndiye mimi niliyeijaza ile ndoo. Nilitaka kulia mbele ya daktari.

Mama akavuta karatasi ya ridhaa, akasaini. "Maji utachota wewe," akaniambia, "na mara hii utayabeba mwenyewe."