Buluu ya Mapatalo ya Mgodi

Asubuhi moja niliondoka Kasongo bila kujua ninakokwenda. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, nami nilitaka tu kuona unaishia wapi. Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Mkobani mwangu mlikuwa na sindano tatu, uzi, makasi, na kichwani ufundi nilioupata kwa kuwatazama mafundi wa sokoni.

Siku ya nne, karibu na Lusangi, niliona buluu. Mapatalo matatu, suruali za kazi ya mgodi za kitambaa kile kizito, yalianikwa juu ya majani. Mapajani yalikuwa yamepauka yakawa kama moshi. Nilisimama nikiyatazama.

“Unatafuta nini, mutoto yangu?” mama mmoja aliuliza mlangoni.

“Natazama tu, mama. Hizi patalo zingetoa sketi nzuri.”

Akaja karibu, akanieleza. Binti yake alikuwa amejifungua kule Nyangwe, naye mama bado hajamwona mjukuu. Kikwembe chake cha pekee, kitenge cha kujifunga kiunoni, kilikuwa kimechanika, na mama hawezi kufika mbele ya mume wa binti yake goti likionekana.

“Shona leo,” akasema. “Kesho niende kumubeba mujukuu yangu.”

Nikayafumua. Ndani ya mishono buluu ilikuwa mpya kabisa, kana kwamba jua halijawahi kuifikia. Nilikata vipande vya ukubwa wa kiganja, cheupe kando ya cheusi, na kila kimoja kilinichukua mbali: hapa mto, hapa mvua inayokuja juu ya vilima. Nilishona hivyo, nikasahau kabisa ninashona nguo ya nani.

Ghafla mume wa mama, mwenye yale mapatalo, aliyekuwa akivuta kiko kivulini, akapasuka kicheko.

“Mama, kuja uone! Matako yangu inaenda kusalimia mukwe!”

Ilikuwa kweli. Vipande vyeusi kuliko vyote, nilivyoviweka mbele kabisa kwa kuvipenda, vilikuwa na alama za mifuko ya nyuma. Mama akashika kichwa.

“Unataka nikufe na haya? Toa!”

Nikafumua tena, jua likishuka. Kitambaa hakikubaki kingine. Mwishowe nilisogeza vipande vya jirani kuziba pengo, na vile viwili vya mifuko nikavishonea kwa ndani, penye magoti, maana mama angepiga magoti kusalimia wakwe.

“Hapo sawa,” mzee akasema. “Imezoea uzito.”

Mama aliivaa. Akapiga magoti uani, akainuka, akapiga tena, akijitazama kila upande. Goti halikuonekana, uzi haukukatika. Hapo ndipo alipocheka.

“Nitaondoka jogoo akiwika,” akasema, kisha akamgeukia mume wake: “Huyu alale kwa chumba ya binti yetu.”

Mzee akachukua mkoba wangu.

“Ingia, fundi. Lakini hii patalo niliyovaa, uiache kwa mwili wangu.”