Bega la Mama Kadidja

Aboubakar anafanya kazi ambayo ukimweleza mwendesha pikipiki wa mtaa wa Makiso atadhani unamficha jambo: anasimamia mashine inayochosha mabega. Mabega yenyewe si ya mtu. Ni tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, vyote vimezama katika majimaji ya damu ya ng'ombe, mchana kutwa, umeme ukipenda. Kisha kikombe kinasafishwa polepole, kinakaushwa, kinapimwa uzito. Uzito uliopungua ndio uliolika. Kikilika sana, bega hilo haliwekwi kwa mgonjwa.

Safari hii Aboubakar aliiombea mashine dua. Mama Kadidja, bokilo wake, yaani mama wa mke wake, ambaye naye humwita bokilo, alikuwa amekuja kutoka Isangi na bega la kuume lisiloinuka "hata kufukuza inzi". Dokta Solange, mkuu wa maabara, alikuwa ameahidi: kikombe kikifaulu, mama atawekewa bega jipya wa kwanza. Akipona, atarudi kwake. Aboubakar alikwisha kumwachia kitanda, kisha redio, kisha kauli ya mwisho kuhusu chumvi. Hakuwa na kingine cha kuachia.

Siku ya kupima, mama alikuja kulitazama bega lake. Aboubakar akatoka kumtafutia kiti, maana bokilo hasimamishwi. Aliporudi, mama alikuwa amechuchumaa kwenye bomba la uani, kikombe mkononi, akikisugua kwa mchanga na majivu ya jiko la mlinzi, kama sufuria ya sikukuu.

"Bokilo, hii kitu iko nanuka! Munataka kutia buchafu hii ndani ya mutu?"

Mwingine angempokonya. Lakini mkwe hampokonyi bokilo kitu, hamshiki mkono, wala hampandishii sauti. Aboubakar alisimama na kiti chake, akakohoa kwa heshima. Akakohoa tena. Mama akamshauri anywe tangawizi, akaendelea kusugua.

Mizani haina bokilo. Dokta Solange aliisoma, akavua miwani.

"Papa Abou, kikombe hii imezeeka kunishinda. Ni mashine ilifanya hivi?"

"Hapana, dokta."

"Alors, ni nani?"

Aboubakar akaikagua dari.

"Ni miye," akasema Mama Kadidja, akingoja shukrani.

"Mama, ulisugua namna gani?"

Mama akaonyesha. Mkono wa kuume ukaenda juu, ukashuka, ukazunguka, ukapaa tena kama wa mtwanga pondu, majani ya muhogo.

"Na ile mukono yenye kuuma, mama, iko wapi?"

Mkono ukakwama hewani, juu kabisa ya kitambaa cha kichwa, mahali ambapo inzi wa Isangi hawajawahi kufika.

"Bon," dokta akasema. "Jaribio tutaanza upya. Lakini hii bega hatubadilishe. Iko muzuri kushinda yangu."

Jioni Aboubakar alishuka bandarini kuulizia boti ya Isangi, akarudi akipiga mluzi. Mke wake, Rachida, alimpokea mlangoni.

"Pole-pole, mama amelala. Sasa ni bega ya kushoto."