Manyoya Siyafuti

Nafundisha biolojia kwenye sekondari moja huku Usevya. Mwaka jana nilichora kwenye ukuta wa darasa dinosaria mwindaji, mwenye meno makali na manyoya kama ya ndege. Wataalamu wamepata vipande vichache tu vya fuvu lake, lakini mabaki ya jamaa zake wa karibu yamekutwa yakiwa na alama za manyoya kwenye mawe.

Mkuu wa shule alipouona mchoro alikunja uso.

"Mwalimu, wazazi watasema tunawafundisha watoto uongo. Toa hayo manyoya, mchore kama kenge."

"Siyatoi, mkuu," nikamjibu. "Tukichora kenge, hapo ndipo tutakuwa tumedanganya."

Jumatatu nikakuta ukuta umepakwa chokaa. Nilipandwa na hasira, lakini sikwenda ofisini kulalamika. Baada ya vipindi nilichukua rangi nikaanza upya, na safari hii nikamjaza manyoya hadi mkiani.

Kwenye kikao cha wazazi nilieleza mchoro ule na vile vipande vya fuvu, na baba mmoja mfugaji akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa vipande vya fuvu tu, nyie mmejuaje yote haya?"

"Hatujui yote, baba. Rangi yake nimebuni mwenyewe. Manyoya sikubuni." Nikamweleza habari za wale jamaa wa dinosaria na alama zao kwenye mawe.

Akacheka, akasema bado haamini. Nikamwambia ana haki ya kutoamini, ila mchoro unabaki.

Mkuu akafunga kikao. Chokaa haijarudi tena. Mwezi huu nimeanza kuchora jike na mayai yake, ukuta wa pili.