Pombe Niliyoificha Ndani ya Kofia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi (nilitazama saa yangu ya mfukoni, na saa ile haikuwa na tabia ya kudanganya, tofauti na mwenyewe), nilipewa kibuyu cha pombe ya asali chini ya mwamba mbele ya watu kumi na mmoja, na tangu dakika ile hadi saa nne kasorobo nilijitafutia aibu ambayo mpaka leo mke wangu akitaka kumaliza ubishi nyumbani hutaja neno moja tu, kofia, nami hutoka nje nikaangalie kuku.

Nilikuwa karani wa kupima majani ya chai, upande wa Kericho unaoelekea Bomet, mwaka mmoja baada ya nzige. Nilitoka kwetu ziwani nikiwa na madarasa mawili tu ya misheni, mengine nilijifundisha kutoka kitabu cha hesabu kilichokosa jalada na kurasa zote za mwisho, zile zenye majibu, ndiyo maana nilizoea kuhakikisha kila jambo mara mbili. Sikuwa mtu wa kunywa. Kila mtu kambini alijua hivyo kwa sababu nilikuwa nikiwaambia kila Jumapili, baada ya ibada, nikiwa nimesimama juu ya sanduku la chai.

Basi akaja Mzungu mmoja mwembamba kupima mpaka wa shamba jipya, watu wakamwita Bwana Mpimaji, naye alikuwa na mashine ya shaba yenye miguu mitatu ambayo mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisahau kula chakula cha mchana. Katika kile kitabu changu nilikuwa nimesoma habari za pembetatu miaka tisa, nikazichora mchangani kwa kijiti, na hapa palikuwa na mtu anayelipwa kwa kuzitazama. Alitaka msaidizi wa miezi kumi na minane, anayejua kusoma na kuandika tarakimu, kwa shilingi arobaini na tano kwa mwezi. Mimi nilikuwa napata thelathini. Lakini nasema kweli, hata angetoa thelathini na moja ningekwenda mbio, kwa ajili ya ile mashine.

Nilimfuata nikamwambia kwamba mwamba ulioko kwenye mpaka, ule wa kando ya mto, una urefu wa futi mia moja na kumi na mbili, na kwamba nimeupata urefu huo kwa kupima kivuli chake na kivuli cha fimbo saa ile ile moja. Hakucheka. Alisema, kwa Kiswahili chao kile, "Jumamosi wewe napanda juu, natelemsha kamba ya futi. Mimi naona. Kama kweli, kazi yako."

Kupanda mwamba ule si jambo la kujipandia tu. Kulikuwa na kundi la wanaume walioupanda kila msimu kufuata asali kwenye nyufa za juu, na Bwana Mpimaji akawaajiri kwa siku hiyo. Mkubwa wao alikuwa arap Tonui, mtu wa makamo kama mimi, mwenyeji wa pale pale, ambaye kidole gumba chake kimoja hakikuwa na ukucha. Wa pili alikuwa Njoroge, nyapara wa wachumaji wetu, aliyetoka Nyeri akazoea mwamba kuliko waliozaliwa chini yake. Walikuwa na kamba za ngozi ya ng'ombe zilizosokotwa, na walikuwa na chungu cha pombe ya asali kivulini, na mirija mirefu ya kunyonyea imeegemezwa jiweni. Nilikuwa nimesikia habari ya chungu hicho. Niliwahi hata kukitaja nikiwa juu ya sanduku.

Sasa sikilizeni utaratibu wao. Kabla mtu hajapanda, arap Tonui alichota pombe kwa kibuyu kidogo, akakijaza mpaka ukingoni, akampa anayepanda. Huyo alikishika kwa mkono mmoja, akataja jina la atakayemshikia kamba, akakipeleka mdomoni, akakirudisha. Wa kwanza alikuwa Njoroge, kwa kuwa yeye alitangulia kwenda kuangalia kama kamba ya juu imekaa sawa. Alikiinua, akafumba macho, akajifuta mdomo kwa kiwiko cha mkono. Mimi nikaona mtu anakunywa. (Mimi, mtu wa kupima, ambaye hukataa kikapu cha majani kwa nusu ratili, sikutazama ndani ya kibuyu kabla na baada.)

Njoroge alipanda, akatazama, akashuka. Kisha nikaitwa mimi.

"Karani," arap Tonui akasema, "shika. Taja atakayekushikia kamba."

"Njoroge."

"Haya. Mdomo wako."

Hapo ndipo palikuwa na uamuzi mdogo, na nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko jedwali la kuzidisha. Ningeweza kusema, wazee, mimi sinywi. Maneno matatu. Lakini niliogopa kwamba asiyekunywa hapewi kamba, na asiyepewa kamba hapandi, na asiyepanda haigusi ile mashine ya shaba maisha yake yote. Kumwaga chini hakukuwezekana, maana pale ni jiwe tupu na ingetiririka mpaka miguuni pao. Nikageuka kuelekea mwamba, kama mtu anayesali, nikavua helmeti yangu, ile kofia ya jua niliyoinunua dukani kwa Mhindi kwa shilingi saba, nikamimina ndani yake. Helmeti hizo zimetengenezwa kwa kitu chepesi kama gunzi la mahindi, nacho kilinyonya pombe yote kana kwamba kilikuwa kikiisubiri. Nikafurahia akili yangu. Nikarudisha kibuyu.

Arap Tonui alikipindua. Likadondoka tone moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote, mzee, na ilikuwa nzuri." (Hili la uzuri hakuna aliyeniuliza.)

Wakatazamana. Njoroge akasema, "Na vile ametuchosha kila Jumapili." Wengine walicheka kidogo, lakini arap Tonui hakucheka. Alinitazama machoni, kwanza moja kisha la pili, akasema, "Leo karani asipande. Apande Jumatatu."

Bwana Mpimaji alikuwa hatua arobaini hivi kutoka pale, ameinamia mashine yake, hakuona lolote. Akapiga kelele, "Maneno gani? Saa nakwisha. Panda, panda."

Basi arap Tonui akanifunga kamba mwenyewe, fundo mara mbili, akaivuta, akafunga la tatu. Akawaongeza watu wawili wamsaidie Njoroge kushika. Mimi nilidhani ni heshima. Nilidhani sasa nimekubaliwa kuwa mmoja wao, kwa kuwa nimekunywa kama mwanamume, na nikawapungia mkono. Kwa kuwa kupanda kunataka mikono miwili, nikavaa helmeti yangu.

Ilianza nyuma ya masikio. Ubaridi wa kunata, mstari mmoja, kisha mwingine, ukaingia kwenye kola, ukashuka uti wa mgongo taratibu kama mtu anayetafuta njia. Nikajiambia ni jasho. Nilipofika futi arobaini (nilikuwa nahesabu) nyuki wa kwanza akatua kwenye ukingo wa kofia. Nikampuliza. Wakaja wanne. Kisha ikaja ile sauti ambayo huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno.

"Karani, usisimame hapo," arap Tonui akaita kutoka chini. "Songa kulia."

"Kuna nyuki."

"Nyuki wako juu sana. Hapo hakujawahi kuwa na nyuki."

"Wapo, mzee. Wako kwenye kofia."

Kisha nikamsikia Njoroge akiwaambia wenzake polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Anaona nyuki."

Nikaumwa shingoni. Nikaumwa sikioni. Nilipoumwa kwenye kope niliachia mwamba kwa mikono yote miwili nikaitupa helmeti, na baada ya hapo mimi na mwamba hatukuwa tena pamoja. Nilining'inia hewani kwa kamba ya kiunoni, miguu huku, kichwa kule, nikizunguka kama kikapu cha majani kwenye ndoano ya mzani wangu mwenyewe. Na hao wenye vikapu walikuwapo. Wachumaji wa upande ule walikuwa wameacha kazi na kusimama kwenye ukingo wa mashamba na vikapu vyao mgongoni, na nilimsikia mama mmoja, ambaye juzi yake nilimkata ratili mbili kwa sababu ya majani yenye maji, akisema kwa utulivu kabisa, "Leo karani anapimwa yeye." Mwenzake akauliza, "Ratili ngapi?" Akajibiwa, "Toa zile za maji."

Wakanishusha. Miiba saba, niliihesabu baadaye. Lakini miiba haikuwa kitu, kwa sababu helmeti ilikuwa imeanguka kifudifudi karibu na viatu vya Bwana Mpimaji, naye alikuwa ameiokota, amewakung'uta nyuki, ameiminya ukingo kwa vidole viwili, na kutoka kwenye ukingo huo ilikuwa inadondoka pombe. Akanusa. Akanitazama.

"Wewe nakunywa?"

"Hapana, Bwana. Sijakunywa hata tone."

"Hii nini?"

Kope moja ilikuwa imefumba na shati limenigandia mwilini, nikanuka kama harusi. Nikaona bora niseme kweli, nikidhani kweli itaniosha. Nikasema mbele yao wote kwamba sinywi, kwamba niliogopa kukataa, kwamba niliimimina ndani ya kofia nikasema nimekunywa.

Aliyeshtuka alikuwa arap Tonui. Alikaa chini, kabisa, juu ya jiwe.

"Uliimimina," akasema. "Kwa nini hukukirudisha kibuyu kilivyojaa?"

"Mzee, si mnakunywa kabla ya kupanda?"

"Nani anakunywa kabla ya kupanda?" Akawatazama wenzake kama anayetafuta mtu huyo. "Kibuyu kinajazwa mpaka ukingoni ili tuone mkono wako. Mkono ukitetemeka, kinamwagika. Unagusa mdomo tu, ili nikae karibu ninuse pumzi yako, kama ulilala na pombe. Kinarudi kimejaa. Kile ulichopewa wewe ndicho alichokirudisha Njoroge. Pombe inanyweka miguu yote ikiwa chini. Mtu akimaliza kibuyu, hapandi."

"Sasa hiki," Njoroge akasema, "ni mara ya kwanza kimerudi kitupu. Hatukujua tufanye nini na wewe."

Nilitazama chungu. Kilikuwa kimejaa na mirija ilikuwa mikavu. Mambo hayo yote yalikuwa mbele ya macho yangu tangu saa mbili na dakika kumi.

Nikamgeukia Bwana Mpimaji. Nikamwambia, Bwana, umesikia, mimi si mlevi. Akanirudishia kofia yangu, kwa adabu, ameishika kwa mikono miwili.

"Mtu mlevi kesho iko sawa," akasema. "Lakini wewe nasema 'nakunywa' na hapana kunywa. Kesho wewe nasema 'futi kumi', mimi najua namna gani? Mimi naangalia kwa mashine. Mtu ya kushika fimbo iko mbali. Mimi nasadiki yeye tu."

Kisha akamwita Njoroge, ambaye anakunywa kila Jumapili na hajawahi kukanusha. Njoroge alishika kibuyu, akalitaja jina la arap Tonui, akakirudisha kimejaa, na safari hii nilitazama vizuri: hata povu halikupungua. Akapanda, akateremsha kamba ya futi yenye jiwe mwishoni. Futi mia moja na kumi na mbili na nusu. Bwana Mpimaji aliandika, akanitazama mara moja, akafunga daftari. Nilikuwa nimekosea kwa nusu futi tu, na sikupata kazi.

Njoroge alinijia kabla ya kuketi. "Karani, kazi hii sikuiomba."

"Najua."

"Tarakimu hizo utanifundisha?"

Nikamwambia nitamfundisha. Nilimfundisha, hata pembetatu, na kila mwisho wa mwezi alikuja akanisimulia habari za ile mashine mpaka nikatamani asije.

Watu wakazunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, wakaanza kusimulia nani aliteleza wapi, na hadithi iliyopendwa zaidi siku hiyo mnaijua. Nilikuwa naondoka, arap Tonui akanishika mkono akanikalisha kando yake. Yeye hakuwa na mrija. Alivuta kibuyu kirefu cha maziwa yaliyoganda, yale yanayotiwa majivu ya mti, akanipa ninywe kwanza.

"Mimi sinywi," akasema. "Tangu siku ya kidole hiki. Miaka kumi na moja nakaa hapa na maziwa yangu. Hakuna aliyeniuliza."

Nilikuwa nimewahubiria watu hawa miaka mitatu, na sikuwahi kuja kukaa nao hata Jumapili moja.

Sanduku la chai nililirudisha stoo wiki ile ile. Na nimejiwekea sharti ambalo nimelishika mpaka leo: nikipewa kitu nisichokitaka, nakirudisha kwa mkono ule ule nilioshikia, mbele ya aliyenipa, kimejaa. Helmeti ilikauka ikapinda kama mkate uliosahauliwa, nyuki wakaifuata mpaka mlangoni kwangu siku tatu, nikaichoma. Nami kwa kuwa ni mtu wa hesabu, nilikaa nikaipiga hii pia: shilingi kumi na tano kila mwezi kwa miezi kumi na minane, na saba za kofia. Shilingi mia mbili sabini na saba.