Aliyetuletea Asali

Majuzi jirani yangu hapa mtaani Majimbo aliniletea asali ya Siakago, kule Mbeere, nyeusi, yenye harufu ya moshi. Nililamba kidole tu nikajikuta tena mtoto kule Kibugu katika jiko la nyanya, miguu imelowa umande wa shamba la chai, mkononi kipande cha nduma moto.

Unajua, rafiki yangu, kwetu kulikuwa na baridi na babu hakuwa na mzinga hata mmoja, lakini asali haikukosekana. Ukimuuliza nyanya inatoka wapi, angekuambia, "Kula, unyamaze." Babu mwenyewe alikula bila kuuliza.

Siku moja ya soko nyanya alitupeleka Embu mjini, mimi na binamu yangu, wasichana wapenda umbea, tumbebee ndizi. Akatuachia ndizi tulinde, akapotelea upande wa wauza mtama. Tukamfuata. Tulimkuta amekumbatiana na mwanamke mrefu, wanacheka mpaka machozi. Mwanamke alipogeuka, binamu yangu akanifinya. Ilikuwa sura ya babu, imefungwa kitambaa.

"Ni dada ya babu yenu," nyanya akasema alipoona ameshikwa. Aliolewa na mfuga nyuki wa Mbeere bila ruhusa ya baba yao, na mzee akaagiza jina lake lisitajwe tena. Babu alitii hata baada ya mzee kufa. "Mkisema, mtanivunjia nyumba."

Tulijikaza hadi chakula cha jioni. Babu alipochovya nduma kwenye asali, binamu yangu akaropoka, "Dada yako anakusalimia."

Nyanya aliganda na mwiko mkononi. Babu aliacha kutafuna.

"Ni yeye amekuwa akiileta?"

"Ni yeye."

"Na bado anacheka kama kuku anayetaga?"

"Siku hizi amezidi," nyanya akajibu.

Babu akajipangusa macho kwa mkono wa koti. "Mwambie aje Jumapili. Hasira iliisha zamani. Nilikosa tu pa kuanzia."

Alikuja na watoto wake wote na kuku watatu wakipiga kelele kikapuni. Tulikula mukimo na nyama ya mbuzi, na babu akacheza, mtu ambaye hata kanisani hakupiga makofi.

Jiko lile lilibomolewa, na wazee wote watatu wamelala makaburini. Ninachotamani zaidi kusikia tena ni sauti ya babu asubuhi, dada yake akiwa amekuja kututembelea. Babu alikuwa akisimama upande wa pili wa shamba la chai na kumwita dada yake kwa jina lake la utotoni, tena na tena, hata kama hakuwa na la kumwambia.