Mtihani Uliojiingiza Kabatini

Kuna mtihani ulijiingiza wenyewe kwenye kompyuta iliyozimwa na kufungiwa kabatini.

Msiniletee habari za majini. Kazi yangu ni kufundisha chuoni namna ya kuchimba ushahidi kwenye kompyuta na simu, na jini mwenye flashi sijawahi kukutana naye.

Ilianza mtihani wa mwisho ulipovuja. Darasa zima lilikuwa nao kwenye simu. Mkuu wa idara akamkamata binti mmoja mkimya, tunayemwita Miwani, akamnyang'anya kompyuta yake, akaizima na kuifungia kwenye kabati la idara.

Mkuu wa idara ni mjomba wangu. Yeye na mama yangu ni tumbo moja. Kazi hii ninayoifanya kanifundisha yeye, kwa hiyo aliponiita ofisini nilikwenda mbio.

"Mama, ichunguze hii. Mtihani utaukuta kwenye folda ya picha. Niandikie ripoti, kesho kamati inamfukuza."

"Mjomba, umejuaje uko kwenye picha na hakuna aliyeichunguza bado?"

"Nimekwambia andika."

Maabara nikaukuta kweli, umetulia katikati ya picha. Tarehe yake ilionyesha uliingia kabla ya mtihani kuvuja. Kila kitu safi. Safi mno, mpaka nikakereka.

Miwani alikuwa nje ya mlango, macho yamemvimba.

"Mwalimu, sijaiba. Mimi ndiye niliyemwambia Mkuu mfumo wake wa mitihani una tundu. Akaniambia nikajifunze adabu kwanza."

Damu ikanichemka. Mfumo ule mjomba aliutengeneza mwenyewe, na hakuna mkutano ambao hakujisifu nao. Sasa tundu limevujisha mtihani, na anayetolewa kafara ni yule aliyemwonya!

Lakini hasira si ushahidi.

Nikakumbuka kanuni ambayo mjomba alitukaririsha mpaka tukaiota: ukipokea kompyuta, kabla hujafanya lolote toa nakala yake kamili, uihifadhi, usiiguse tena.

Nikafungua kabati la idara. Funguo tunazo wawili tu, mimi na yeye.

Nakala ilikuwepo, jamani! Diski ndogo nyeusi yenye mwandiko wake, na tarehe ya siku ileile aliyomnyang'anya Miwani kompyuta. Nikafungua folda ya picha. Shangazi za Miwani wamo. Paka wake yumo, tena kwa mapozi.

Mtihani hamna.

Kwa hiyo uliwekwa baadaye, kompyuta ikiwa mikononi mwetu, na tarehe ikachezewa.

Kesho yake, mbele ya kamati, nikaziweka folda zote mbili za picha ukutani kwa projekta.

"Kushoto ni kompyuta siku ilipochukuliwa. Kulia ni kompyuta ileile baada ya kukaa kwenye kabati letu. Funguo tunazo wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine ndiye aliyeniambia mtihani uko folda gani."

Mwenyekiti wa kamati akaomba maji ya kunywa. Miwani akaangua kilio. Mjomba alikuwa anaangalia meza.

Nikamfuata koridoni. Nilitaka kumtukana, heshima ikanizuia.

"Nakala ulikuwa nayo wewe, mjomba. Ungeifuta, leo binti angekuwa amefukuzwa na hakuna ambaye angejua. Kwa nini hukuifuta?"

Akanitazama kama nimemwambia jambo la aibu.

"Mama, ushahidi haufutwi."

Aisee!

"Yaani diski uliionea huruma, mtoto wa watu ukawa tayari kumfuta?"

Akageuka, akaenda zake.

Miwani amerudi darasani. Mama yangu amenuna, hapokei simu zangu, eti nimemvua nguo kaka yake mbele za watu. Anune tu. Na mimi bado nina hasira.

Wasomi wenzangu, mnaotunza ushahidi kama mboni ya jicho: kabla ya kuilinda diski, mlindeni mwenye kompyuta.